Mama Mbiu Getini

Mimi sijui kupatana bei. Nikitajiwa, natoa. Dada yangu aliuza ndizi soko la Tengeru tangu mimi nikiwa msichana wa shule, na hicho ndicho kitu alichoshindwa kabisa kunifundisha. "Wewe unalipa kama mtu anayekimbizwa," alikuwa akinisema. "Mtu amekutajia bei, hajakufukuza. Anakwambia kaa, tuongee." Kwake bei ya kwanza haikuwa bei, ilikuwa salamu. Mteja aliyetoa hela papo hapo bila kubisha alimuuzia, lakini akishageuka tu, dada alimsonya. "Huyo hana haja na mimi. Ana haja na ndizi."

Na sauti alikuwa nayo, jamani. "Za mlimani hizooo! Zimeshuka, zimeshukaaa!" Ukishuka tu barabara kuu ulikuwa unamsikia, na soko hujaliona bado. Mimi nikitoka shule nilikuwa naona aibu, napita upande wa pili ili rafiki zangu wasijue yule ni wa kwetu. Yeye ananiona, anaongeza: "Na yule mwenye sketi ya bluu anayejificha ni mdogo wangu, mpisheni!" Soko zima linacheka. Nilikuwa nalia kwa hasira mpaka nyumbani.

Ugonjwa ulianza kwa kukwaruza. Tukasema vumbi la soko, tukasema baridi ya mlimani, tukachemsha tangawizi na asali. Kukwaruza kukageuka kunong'ona. Kufika hospitali kule Moshi, wakatuambia ni uvimbe kooni, na kwamba ili abaki hai inabidi waondoe vyote, sauti na chombo chake. Dada aliuliza kwa mnong'ono kama hawawezi kubakiza hata kidogo. Daktari akatikisa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona dada yangu anatajiwa bei na asibishe.

Akaja kukaa kwangu Engutoto, hapa Arusha, anapumulia tundu la shingoni, analifunika na kitambaa cheupe alichokifua mwenyewe kila asubuhi. Kilichoniudhi ni watu. Mtu haongei, basi wao wanadhani hasikii, wanampigia kelele: "MAMA, UNAENDELEAJE?" Wengine wanamruka kabisa, wanauliza mimi, na yeye amekaa pale pale: "Anakula vizuri?" Ebo! Muulize mwenyewe, si huyo hapo? Nilimjibu hivyo mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani, hakurudi tena, na sikumkumbuka. Dada alijaribu kuwajibu kwa kuandika kwenye simu. Lakini akimaliza kuandika, mazungumzo yameshahama, wameshafika kwenye harusi ya mtoto wa fulani, na simu yake imebaki hewani haina wa kuisoma. Au anaisoma mtu mmoja, anainamisha kichwa upande, anasema "pole sana mama". Yule aliyekuwa akiwapa watu vidonge vyao mbele ya soko zima! Akaacha kuandika. Akawa anachambua maharage.

Sasa niseme kuhusu mchezo, najua wapo watakaoguna. Kwa miaka kadhaa nimekuwa kwenye grupu la watu tunaocheza mchezo wa dadu mtandaoni. Tuko Arusha, Moshi, Dodoma, hata Nairobi, wengi hatujawahi kuonana. Kila mmoja ana mhusika wake wa kubuni, anaongea kwa niaba yake. Msimulizi anaeleza kinachotokea, dadu zinaamua kama umefaulu au umeumia. Ndiyo hivyo tu. Wenzangu wa stesheneri, ninakofanya kazi ya kuchapa, wanasema ni mambo ya watoto. Wao jioni wanabishana kuhusu mpira na watu wasiowajua, mimi nawaacha.

Tulicheza Jumapili mchana, watu wakishatoka ibadani na kula, na tulicheza kwa sauti, simu zikiwa hewani. Dada alikaa kwenye kochi anasikiliza. Kwanza nilidhani anasinzia. Siku moja mhusika wangu alianguka kisimani akiwa anajifanya shujaa, nikageuka, nikamkuta dada mabega yanamtetemeka, machozi yanamtoka. Nikaruka, nikijua ni maumivu. Kumbe anacheka. Kicheko chake siku hizo kilikuwa mabega matupu. Sikuwa nimekiona tangu tulipotoka Moshi.

Simu yangu ikalia. Alikuwa amenitumia ujumbe kutoka kochini. "Na mimi nataka."

Nikamwambia dada, sisi tunaongea. Akaandika: "Nani kasema kuongea. Nataka kupiga hodi."

Alikuwa amesikia tukizungumzia Getini. Kila mhusika mpya alikuwa anaanzia huko, sehemu ya maandishi tu ambayo wote tuliisoma, kabla hajaruhusiwa kuingia mchezoni. Mgeni anaandika "Hodi", anaeleza mhusika wake ni nani na anaweza nini, na mkaguzi anamhoji. Haambiwi "Karibu" mpaka waelewane. Mkaguzi wetu alikuwa mtu mzima wa Dodoma, mtumishi wa ofisi, mpole lakini king'ang'anizi. Ukimwambia mhusika wako anajua kuogelea, atauliza alifundishwa na nani, na huo mto uko wapi. Watu walimchukia wakiwa nje ya geti, wakishaingia wanampenda.

Dada aliingia peke yake, kwa namba yake, bila kusema ni ndugu yangu. Akaandika hodi. Mhusika wake akamwita Mama Mbiu, mwanamke wa kupiga mbiu, mwenye sauti inayosikika kutoka kilele cha mlima mpaka mjini chini.

Mkaguzi akajibu: "Shikamoo mama. Sauti hiyo ni kubwa mno. Mji wote ukionywa kila mara, maadui hawatakuwa na kazi. Naomba upunguze."

Laiti ungeuona uso wa dada. Aliketi wima, akakaza kitenge kiunoni, akaishika simu kwa mikono miwili. Nilimjua huyo. Ndivyo alivyokaa mteja akiinua mkungu na kusema mbona umebonyea. Akaandika: "Marahaba baba. Umeushika mkungu, hujautazama. Mimi nipunguze nini hapo?"

Basi ikaanza. Mkaguzi akasema atampa sauti ya kusikika kijiji kimoja. Dada akamwambia kijiji kimoja hata mbuzi anafika. Mkaguzi akaongeza, vijiji viwili. Dada: "Viwili? Hiyo si bei baba, ni matusi. Kwenu Dodoma mnanong'ona?" Mkaguzi, mtu wa vipengele yule, nadhani alikuwa hajawahi kutaniwa getini. Siku ya pili akarudi: "Mama, mimi mfukoni nina vijiji vitatu tu, na kimoja nimekopa." Dada alinionesha simu mabega yanaruka. Alimjibu: "Nenda kazunguke soko lote mwanangu. Ukikosa, utanikuta hapa hapa."

Na akawa anarudi. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, dada anaangalia kama kajibu. Mkaguzi hakuulizia umbali tu. Aliuliza sauti hiyo Mama Mbiu aliipata kwa nani, akipiga mbiu anaegemea nini, watoto wanamwogopa au wanamwigiza. Dada akawa anamjibu kwa marefu, na majibu yake ndiyo yalinifundisha mambo ambayo mimi mdogo wake sikuyajua. Kumbe ule mwito wa "zimeshuka" ulikuwa wa bibi yetu, aliyeuita akishuka na mzigo mgongoni. Kumbe dada alikuwa akiugua hofu kila asubuhi kabla ya kuita mara ya kwanza. Miaka yote ile.

Swali moja mkaguzi alimuuliza kila mgeni, ili kujua udhaifu wa mhusika: nguvu yako ikiisha, unabaki na nini? Kwa dada akaliandika hivi: "Na sauti hii ikikauka, mama?" Nililiona kabla yake, nikasimama kama nimemwagiwa maji. Hakujua, maskini. Dada alilisoma, akaiweka simu mapajani, akashinda hivyo hivyo. Jioni nikapakua ugali, akala, akanawa, akaandika: "Ikikauka, mdomo ninao. Nani anabishana na wewe saa hizi?"

Nilimwambia tuwaambie. Nilisema hawa ni watu wazuri, wataelewa. Alinikazia macho mpaka nikayakwepa. Akaandika na kunigeuzia kioo: "Pale getini mimi mzima. Ukisema, nahama kwako." Nikaapa. Dada yangu hakuwa mtu wa vitisho vya bure.

Sasa, haki yao niwape. Geti lilikuwa linachelewesha watu. Mgeni alikaa nje wiki nyingi, wengine walichoka wakaondoka zao, na mkaguzi alikuwa mmoja tu. Msimulizi wetu, mwalimu wa hesabu kule Moshi, akaleta pendekezo turahisishe. Mgeni achague uwezo kutoka kwenye orodha, ajibu maswali mafupi, aambiwe karibu kesho yake. Kuhojiana kufutwe. Na kwa kuwa waliokuwa wakisubiri walisumbuliwa kiasi cha kutosha, wote wapewe walichoomba mwanzoni, kama pole. Kila mtu akaweka dole gumba. Ukweli, kama si dada, na mimi ningeweka.

Niliandika: "Mimi sikubali." Msimulizi akauliza kwa adabu, sababu ni nini? Sababu ilikuwa chumba cha pili, imevaa miwani, inamtungia mkaguzi jibu kuhusu kijiji cha nne. Niliandika maneno marefu, nikafuta. Nikaandika mengine, nikafuta. Kiapo kilinizuia. Mwisho nikaandika, "Basi tu, sitaki." Wakacheka. "Dada wa Engutoto kanuna tena," mmoja akanisema, na wengine wakaweka vikaragosi vya kucheka. Hilo ndilo tatizo la kuwa mtu wa hasira za karibu. Siku unayokasirika kwa sababu ya maana, watu wanadhani ni zile zile za kila siku.

Mkaguzi mwenyewe alikubali. Alisema kazi ilikuwa imemwelemea, na sikumlaumu.

Ujumbe wa mkaguzi kwa dada ulikuja mchana, na maua ya kwenye simu pembeni: "Karibu sana Mama Mbiu! Umekubaliwa. Sauti yako umepewa yote, kutoka kileleni mpaka mjini, kama ulivyoomba."

Alinijia jikoni nikiwa nakata vitunguu. Alinionesha ujumbe, halafu akaandika chini yake, kwa ajili yangu tu: "Amenipa bei ya kwanza."

Nikasema angalau amekupa yote, dada. Nilijiona mjinga hata kabla sijamaliza. Akarudi chumbani. Alijaribu kuandika Getini, nafikiri ni lile jibu la kijiji cha nne, ikakataa. Walikuwa wamepafunga.

Jumapili ile nilidhani hataingia. Lakini alitoka ibadani hakuvua nguo zake nzuri, akafunga kitambaa kipya shingoni, akakaa kochini na simu yake mimi nikiwa na yangu. Nikamuuliza kwa nini. Akaandika, "Nimekaribishwa."

Walikuwa wamemwandalia. Msimulizi alikuwa ametunga kisa kizima kwa ajili yake, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo, kwamba walimpenda. Akaeleza jinsi maadui wanavyopanda mlima kupitia bonde la mto, mji chini umelala, na kileleni amesimama mtu mmoja tu aliyewaona. "Mama Mbiu," akasema, sauti yake imejaa furaha, "ni wewe. Piga mbiu!"

Nilimsikia dada akipumua shingoni, haraka haraka, na vidole vyake vikibonyeza kioo.

"Mama? Hatukusikii," mmoja akasema.

"Fungua maiki, mama."

"Mtandao, nadhani. Mama, mtandao?"

Dada anaandika. Anakosea, anafuta. Wakasubiri kidogo, walisubiri kweli. Halafu kijana mmoja wa Nairobi akasema basi, yeye mhusika wake ana mbio, atashuka kuwaambia watu wa mji. Dadu zikarushwa. Akafika. Mji ukaokoka, watu wakashangilia. Hapo ndipo ujumbe wa dada ukatua: "Amkeni! Wanapanda kwa upande wa mto! Amkeni!"

"Ah, mama, tumeshawaambia," yule kijana akasema kwa upole. "Lakini asante."

Nilishaifungua maiki yangu. Nilikuwa naenda kuwaporomoshea wote, kiapo na kivunjike. Dada akanishika gauni kwa nyuma, akalivuta kwa nguvu mpaka nikakaa. Alitikisa kichwa. Akaandika kwenye grupu: "Samahanini wanangu, kwetu mtandao si mzuri." Akajitoa. Akafungua kile kitambaa kipya, akakikunja, akaenda kuwasha jiko.

Nami niliacha kucheza, bila kuaga. Nilimwambia dada nitatafuta grupu jingine la kuandika tu. Nilitafuta, nikaleta, hakuingia. Sikuwa na la kumfanya. Masika yalipoingia uvimbe ulirudi, safari hii ulishuka kifuani, na wala hakukaa sana. Tulimzika nyumbani kwetu mlimani, pembeni ya migomba yake mwenyewe. Wanawake wa Tengeru walikuja kwa wingi, wakasimulia mwito wake, wakajaribu kuuigiza wakacheka huku wanalia. Nilikaa kwenye mkeka nikawaza kwamba nikiwa msichana nilipita upande wa pili wa barabara nikiuonea aibu.

Simu yake sikuizima. Kuna wateja walikuwa bado wanapiga kuulizia ndizi, na niliona bora wasikie kwa mtu wa nyumbani.

Asubuhi moja nikiwa stesheneri, nasubiri mteja apange karatasi zake, ikaingia meseji kwenye simu ya dada. Mkaguzi.

"Shikamoo mama. Habari za siku nyingi. Nimekaa nimefikiria. Ile sauti niliyokupa ni kubwa mno, nilikupa kwa kuchoka tu, na toka siku ile getini pamepoa. Shusha kidogo basi. Tuongee."

Niliisoma nimesimama. Mteja akanisemesha, sikumsikia. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya duka la jirani, na sijui nini kiliniingia, vidole vyangu vikaandika: "Haishuki."

Akajibu papo hapo. "Hapo sasa! Nilijua tu! Haya mama, vijiji vinne, mjini isifike. Unasemaje?"

Nilimwona kabisa huko ofisini kwake anatabasamu peke yake. Nikatafuta jibu. Dada angelijibu kabla hajameza mate. Angemtania, angemfukuza, angemwita arudi. Mimi nilikuwa na simu mkononi na sikuwa na bei ya kutaja. Sijui kupatana. Nikaandika kwamba mimi ni mdogo wake, kwamba dada tumemzika masika haya, na kwamba tangu kabla ya ile hodi hakuwa na sauti, na alikuwa amenikataza kusema.

Nikadhani ndiyo basi. Nilipoinuka nirudi ndani, simu ikaita. Hatukuwa tumewahi kupigiana. Alisema pole, akaacha, akasema tena pole, nikasikia anahangaika na pumzi. Akasema yeye alikuwa akiamka mapema kabla ya kazi ili asome alichoandikiwa. Akasema mke wake alikuwa anamuuliza anacheka na nani. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza.

"Dada, samahani. Ilikuwaje? Sauti yake?"

Nilitaka kumpa. Ulikuwepo wote kichwani mwangu, ule mwito, na bibi ndani yake, na soko zima linacheka. Za mlimani hizo. Zimeshuka. Nikavuta pumzi pale ngazini, watu wanapita, nikafungua mdomo nimwitie kama alivyoita yeye. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena.

"Haloo?" akasema mkaguzi. "Haloo, dada? Sikusikii. Mtandao?"